Chapa ya Ng'ombe Juu ya Mlango wa Kanisa

Nilikuwa fundi mwashi mzuri, na taabu yangu ilianzia hapo, kwa sababu nilijua. Uashi niliupata ujanani kwenye ujenzi wa hospitali ya misheni, mbali na kwetu. Nilianza kwa kubeba mchanga, nikaishia kushika mwiko. Niliporudi Itiryo nilikuwa na timazi yangu ya kunyooshea kuta, pima maji yangu, na kichwa kilichovimba. Mlima wetu wote ulikuwa na nyumba za udongo na nyasi, na kanisa letu lilikuwa kibanda tulichokiegemeza magogo kila masika kisituangukie katikati ya sala.

Mwaka wa pili baada ya kurudi niliugua kifua. Nililala miezi mitatu, mama akinigeuza na kunilisha. Nikamwahidi Mungu kwamba akiniinua nitamjengea kanisa la matofali ya kuchoma, pale juu mlimani, kwenye uwanja uliokuwa zizi la marehemu baba. Akaniinua. Watu waliposikia nadhiri yangu walinisifu, na mimi nikasifika. Kila Jumapili niliomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, kwa sauti ya kusikika hadi nje. Lakini moyoni nilikuwa na picha yangu. Njia ya mkato ya kwenda barabara ya Tarime ilipita hapo hapo uwanjani. Nilimwona mpita njia anasimama, anatua mzigo, anauliza, "Hili nalo nani kajenga?" Na jibu nililisikia. Nilitaka jina langu litajwe hadi Mugumu, nilitaka misheni waniite nikajenge na kwao, nilitaka kuwa mzee wa kanisa kabla sijaota mvi. Sikuona ubaya wowote. Nilidhani mimi na Mungu tunataka kitu kimoja.

Sasa nieleze habari ya chapa. Kwetu kila ukoo una chapa yake, huchomwa kwa chuma cha moto kwenye paja la ng'ombe, ili akipotea akaonekana kwenye zizi la watu, hata ng'ambo ya mpaka, asiwepo wa kubisha. Ya kwetu ilikuwa mistari miwili iliyosimama, na juu yake mwezi mchanga. Nilipotengeneza kalibu ya kufyatulia matofali, niliichimba chapa hiyo kwenye ubao wa chini kwa patasi, polepole, kazi ya siku nzima. Kila tofali lililotoka humo lilikuwa na mistari miwili na mwezi, vimeinuka vizuri kabisa, hata kipofu angepapasa akajua. Walioniuliza niliwaambia kwamba inasaidia udongo kushika. Ilikuwa kweli kidogo.

Mama alipita matofali yakiwa yamepangwa juani. Akainama, akagusa moja kwa kidole.

"Mura," akasema, kama wanavyoitwa vijana wa kwetu, "na Mungu naye umempiga chapa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, akajitwisha mtungi wake na kuendelea na safari ya kisimani.

Kanisa lilinichukua viangazi vitatu. Taabu kubwa ilikuwa watu. Kwetu mwenye kazi nzito huita risaga: majirani wanakusanyika, wanafanya kazi mpaka jua liwe kali, kisha wanakaa kunywa pombe ya wimbi waliyopikiwa na mwenye kazi. Bila pombe hakuna risaga. Sisi waumini tulikuwa tumeacha pombe, kwa hiyo waliokuja ni waumini wenyewe, karibu wote watu wa ukoo wetu, na waliambulia uji. Matofali mengi nilifyatua peke yangu. Mabati niliyapata kwa kuwatoa mafahali wawili wa mwisho wa baba. Siku ya kumaliza nilipachika tofali moja juu ya mlango, nikaligeuza uso nje, chapa ionekane kutoka njiani.

Mchungaji wetu alikuwa mzee mpole aliyezunguka makanisa yake yote kwa miguu. Alisimama mbele ya mlango ule, akalitazama lile tofali.

"Umefanya kazi," akasema. Basi.

Nilimkasirikia wiki nzima kwa ubahili wa maneno.

Tulisali humo misimu miwili tu, kisha ikaja Operesheni ya vijiji. Siku hizi vijana wanaisoma shuleni. Sisi tuliibeba kichwani, na vyungu juu yake. Watu wote wa milimani tulishushwa chini kwenye tambarare, tukagawiwa viwanja kwa mistari iliyonyooka. Upande mmoja sisi, upande wa pili ukoo wa ng'ambo ya bonde, watu ambao tangu enzi za babu tulijuana kwa kuchukuliana ng'ombe tu. Tukawa majirani mlango kwa mlango, na mikutanoni tukatakiwa kuitana ndugu. Tuliitana, ila kila mtu alihesabu ng'ombe wake jioni.

Nyumba zetu tulizibomoa wenyewe tukabeba miti. Kanisa sikuligusa. Nilisema litabaki pale juu, na mwenye miguu atapanda.

Kijiji kipya hakikuwa na zahanati. Mwanamke akishikwa na uchungu alibebwa kwenye machela, wanaume wanne wakipokezana, kupanda mlima wetu na kushuka upande wa pili, kuitafuta barabara ya Tarime na gari ambalo huenda lisipite. Tukaambiwa kwamba tukisimamisha nyumba imara kabla ya masika, serikali itatuletea muuguzi na dawa. Saruji ilikuwa haipatikani. Matofali ya kuchoma hayakuwepo, na msimu wa kufyatua ulikuwa unakwisha. Kwenye mkutano mwenyekiti wa kijiji alipouliza tufanyeje, macho yote yalielekea mlimani, kisha yakanirudia mimi.

Siku mbili baadaye mchungaji alikuja kwenye kiwanja changu. Nilimwamkia, nikampa kigoda.

"Tumekaa wazee wa kanisa," akasema. "Tumeona zahanati itangulie. Kanisa litafuata, na kwa sasa tutasali hata uwanjani. Lakini nadhiri ni yako. Hatutang'oa tofali bila wewe."

"Mchungaji, nadhiri ni nadhiri," nikamjibu. "Nilimwahidi Mungu kanisa. Zahanati sikumwahidi."

"Umemwomba akuonyeshe anachotaka?"

"Nimeomba."

"Umeomba, au umempa taarifa?"

Nilimsindikiza hadi mwisho wa kiwanja kwa adabu zote, huku nasaga meno. Nilijiambia kwamba mzee huyu tangu mwanzo alinionea kijicho. Mtu mwenye kiburi haishiwi maelezo.

Kuanzia siku ile nikawa napanda mlimani kila asubuhi kulilinda kanisa. Hakuna aliyekuwa amesema atalivunja, lakini nilipanda, nikakaa mlangoni na panga langu. Mke wangu alikuwa ananiita Fundi, siku njema kwa mapenzi na siku nyingine kwa kejeli.

"Fundi," akaniambia siku moja nikifunga viatu, "unamlinda Mungu asiibiwe, au unatulinda sisi tusimpate?"

Nilitoka bila kunywa uji. Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba kule juu nilijaribu kuomba na nilishindwa. Nilipiga magoti mbele, mahali nilipozoea, na kila nilipofika kwenye mapenzi ya Mungu ulimi ulikauka. Nilikuwa naogopa. Nilijua kabisa kwamba nikiyasema kwa moyo atayachukua yale matofali, na mimi nitabaki mwashi wa kawaida, aliyeugua akapona. Niliogopa kuwa mtu wa kawaida kuliko nilivyowahi kuogopa kufa.

Wiki ya tatu ya ulinzi wangu, mke wangu alipanda nami kuchimba viazi vilivyobaki kwenye shamba letu la zamani. Mchana mvua ikashuka ghafla, ya mawe, tukakimbilia kanisani. Tulikuwa tunakung'uta nguo tuliposikia watu wanahema njiani. Walikuwa wanaume wanne wa ukoo wa ng'ambo ya bonde, na machela begani. Juu ya machela alilala mwanamke kijana aliyeuma kanga kwa meno. Mbele yao alitangulia bibi mmoja mwenye fimbo, mama mkwe wake. Nilimfahamu. Wanawe na kaka zangu walikuwa wameshakutana kwa mishale, sababu ikiwa ng'ombe.

Kiburi nilikuwa nacho, lakini roho mbaya sikuwa nayo. Nilifungua mlango wote.

"Ingieni," nikasema. "Ingieni upesi."

Wanaume wakageuza machela kuja mlangoni. Yule bibi akainua macho, akaona tofali juu ya mlango. Akaweka fimbo yake kuwazuia.

"Hapana. Mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Mjukuu wangu hazaliwi chini ya chapa ya watu."

Kwa wasio wa kwetu nifafanue. Mwanamke huolewa kwa ng'ombe, na watoto atakaozaa ni wa ukoo uliowatoa ng'ombe hao. Kwa yule bibi, mtoto kuzaliwa ndani ya nyumba yenye chapa yetu ilikuwa kama ndama kuzaliwa katika zizi letu. Nani wa ukoo wake angeweza kumdai tena?

"Mama, shikamoo," nikasema, "hii si nyumba yangu. Ni nyumba ya Mungu."

"Ya Mungu?" Akanyoosha fimbo mpaka ikagusa tofali. "Mungu ana ng'ombe wenye chapa hiyo?"

Alikuwa ameuliza swali la mama yangu. Wale wanaume walitua machela nje, ubavuni mwa ukuta, mvua ikiwapiga. Mke wangu alinipita bila kunitazama. Alikamata ngozi ya ng'ombe tuliyokuwa tukikalia, akatoka nayo, akawapa wanaume washike pembe nne juu ya yule mwanamke, kisha wakageuza nyuso. Yeye na bibi wakapiga magoti kwenye tope.

Mimi nilibaki ndani. Mwanamume hana kazi mahali pale, na mikono ya kushika ngozi ilitosha. Nikasimama katikati ya kanisa langu. Mabati yangu hayakuvuja hata tone. Kuta zangu zilikuwa zimenyooka, timazi ingeapa. Nilikuwa mkavu kabisa, na upande wa pili wa ukuta, hatua tatu kutoka nilipo, mwanamke alikuwa anazaa katika mvua ya mawe kwa sababu nilitaka wapita njia wajue ni nani kajenga. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Ilinikaa kifuani pale pale nilipougua.

Nikaanguka magoti mahali nilipokuwa, si mbele nilipozoea. "Bwana, si langu," nikasema. Maneno matatu. Sauti haikufika hata mlangoni.

Mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, na bibi akapiga vigelegele, na mke wangu akacheka huku analia. Mimi nilikuwa nimeshashika nyundo na patasi nilizokuwa nimeziacha humo tangu ujenzi. Nilipanda kwenye benchi, nikaling'oa lile tofali juu ya mlango, nikatoka nalo mvuani na kuliweka chini, miguuni pa bibi. Alilitazama. Akanitazama na mimi, maana nilikuwa nalia na nilikuwa sijifichi. Kisha akaliruka, akawaambia wanaume wamwingize mkwe wake.

Tuliwasha moto wa vigunzi sakafuni, tukawakausha mama na mtoto. Alikuwa mtoto wa kike. Bibi alipopata joto akazungusha macho ukutani.

"Na haya mengine?"

"Yana chapa yote, mama. Imegeukia ndani ya udongo."

"Basi una kazi, mura," akasema.

Jioni ile ile nilimkuta mchungaji kwake, bado nimelowa. Nikamwambia, "Chukueni." Nilitegemea anipe mahubiri, nami nilikuwa tayari kuyapokea. Hakunipa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika muda mrefu, na machozi yakamlengalenga. Huyo ndiye mtu niliyedhani ananionea kijicho.

Lakini kwenye mkutano wa kijiji mambo yakakwama. Wazee wa ng'ambo ya bonde walisema wazi kwamba wake zao hawatajifungulia ndani ya matofali yenye chapa ya watu, hata kama imegeuzwa ndani. Wa kwetu nao wakaanza kunung'unika: mtu anatoa bure, bado anachaguliwa? Nikaona ugomvi wa zamani unainua kichwa, na safari hii chanzo chake nilikuwa mimi. Nikasimama.

"Chapa niliiweka mimi," nikasema. "Nitaifuta mimi. Nipeni muda."

Mtu mmoja nyuma akauliza kama nitawahi masika ya mwaka huo au ya mwaka ambao wajukuu watakuwa wameoa. Watu wakacheka, nami nikacheka, jambo ambalo mwaka mmoja nyuma nisingeliweza.

Tulishusha mabati kwanza, mimi na wazee wa kanisa, kisha nikaanza kung'oa kuta kutoka juu. Kufuta nilikujua: unachukua matofali mawili, unayakutanisha chapa kwa chapa, unasugua mpaka yote mawili yawe laini. Asubuhi ya kwanza nilisugua peke yangu hadi viganja vikachubuka, na rundo halikuonyesha kupungua. Kesho yake nilipofika nilimkuta bibi yule ameshakaa juu ya jiwe. Aliitikia shikamoo yangu, akachukua matofali mawili, akaanza kusugua. Adhuhuri wakaja wakwe zake wawili. Siku ya tatu mama yangu akaja na wanawake wa kanisa. Siku ya nne sikuweza kuwajua wote.

Ilikuwa risaga, na haikuwa na pombe hata kibuyu kimoja. Wanawake wetu walipika uji wa wimbi, wale wa ng'ambo ya bonde wakaleta maziwa ya mgando. Wanaume walilalamika kwamba makoo yao yamedhulumiwa, wakanywa uji, wakarudi kusugua. Vumbi jekundu lilitujaa nyusi, masikio na mate. Mtu alipoanzisha wimbo, mwingine aliupokea kwa maneno ya upande wake, na mikono ikashika mapigo yake, kru, kru, kru, mlima mzima. Nilikaa katikati yao nikiifuta kwa mikono yangu kazi niliyoichimba kwa patasi, na nilikuwa na furaha. Nilishangaa. Nilidhani kumpa Mungu kitu ni kama kung'olewa jino. Kumbe nilikuwa nimetuliwa mzigo ambao nilikuwa nimejitwisha tangu nilipopona.

Siku ya kuhamisha, kijiji kizima kilipanga mstari kutoka mlimani hadi tambarare. Waliokuwa na nguvu walibeba matofali sita, wazee mawili. Mabati yalitangulia vichwani, yakipiga kelele kwa kila hatua, jua likiyawakia. Mama yangu alibeba tofali moja, na aliponifikia akaligeuza, akanionyesha upande uliosuguliwa ukawa laini.

"Hili sasa halina mwenyewe," akasema.

"Linaye," nikamwambia.

Safari hii yeye ndiye aliyecheka.

Kuta zilipanda haraka, maana mafundi tulikuwa wengi. Yeyote aliyetaka kujua nilimpa mwiko na kumfundisha timazi. Zamani ujuzi huo niliuficha kama siri ya uganga. Tulipiga bati la mwisho mawingu yakiwa yameshafika mlimani. Muuguzi akaja na masanduku ya dawa na mizani ya watoto. Misheni hawakuniita kujenga popote. Uzee wa kanisa niliupata baadaye sana, siku ambayo nilikuwa nimeshausahau, na kanisa letu tulilijenga upya la udongo na nyasi, tukaliegemeza magogo kila masika.

Siku zahanati ilipofunguliwa alikuja mkubwa mmoja kutoka wilayani, ndugu aliyevaa suti ya kaunda. Mvua ilikuwa imeanza, kwa hiyo watu wote walijazana ndani. Mimi nilikuwa kwenye kona ya nyuma, juu ya ngazi, namalizia kupiga lipu sehemu iliyobaki, kwa sababu sipendi kazi isiyokwisha. Mvua ilikuwa inaunguruma kwenye mabati na chini yake kulikuwa kukavu kabisa, na safari hii hakuna aliyekuwa nje. Mkubwa alipapasa ukuta, akatazama pembe zake.

"Kazi safi," akasema. "Nani kajenga?"

Swali lile nililingoja tangu nikiwa kitandani naumwa kifua. Watu wakaanza kugeuka kuitazama kona yangu. Mke wangu naye akanitazama, anasubiri.

Yule bibi alikuwa mbele, karibu na mizani, mjukuu wake mgongoni. Hakunipa nafasi.

"Sisi," akasema.

"Sisi," wakaitikia watu, wa kwetu na wa ng'ambo ya bonde, na mimi nikaitikia pamoja nao kutoka juu ya ngazi, kwa sauti ya kusikika hadi nje. Kisha nikachota udongo, nikaendelea kupiga lipu.